Redio Isiyo na Mdomo

Juzi alikuja kijana kuweka mtandao kwenye stoo ya jirani yangu hapa Mvara, Arua. Alikuwa na printa ya lebo, nyepesi, ameishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba mkate, na kisanduku cheupe alichokibandika ukutani huku anatafuna chingamu. Nikamwuliza, "Mwanangu, umejua nani anakaa upande wa pili wa huo ukuta?" Akacheka. "Mama, wayalesi haina maneno. Inapita tu."

Haina maneno! Nilirudi nyumbani nimekasirika hata chai ikanishinda. Si yeye aliyenikasirisha hasa. Yeye ni mtoto, hajui. Ila aliniamshia hasira ya zamani ambayo nilidhani imelala, kumbe ilikuwa imekaa macho muda wote, inaningoja.

Nimefanya kazi hii ya printa na redio mpaka magoti yakakataa ngazi. Sasa nimestaafu. Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa haya. Mbele ya watu wengi ulimi wangu unakuwa mzito, na nimeongea na mashine kuliko nilivyoongea na binadamu. Lakini ninyi mnaoanza leo nitawaambia, na mkiona nimepandisha sauti, mnivumilie. Jambo hili sijui kulisema kwa upole.

Nilianza miaka ya tisini, Koboko, kwa kampuni iliyonunua tumbaku. Jina lake liacheni. Nilikuwa nimetoka senia foo, yaani kidato cha nne, msichana mwembamba, ninayetembea nikiangalia vidole vya miguu yangu. Meneja, Bwana Adriko, alinichukua na kuwaambia wenzake mbele yangu, "Huyu anaandika vizuri na hana mdomo." Nilifurahi. Nilidhani amenisifu.

Kazi ilikuwa hivi. Banda la mizani lilikuwa upande mmoja wa barabara kuu iendayo mpakani, na stoo ilikuwa upande wa pili. Mkulima anapima robota lake la tumbaku bandani, robota linavushwa barabara, linashonwa vizuri stoo, linabandikwa lebo yenye jina la mkulima, daraja la majani na uzito. Bila lebo, au ukiwa na lebo ya mtu mwingine, jasho lako la mwaka mzima limekuwa la jirani. Zamani waliandika kwa kalamu na kukimbiza karatasi kuvuka barabara, na mvua ya Koboko mnaijua, ilikuwa inaosha majina ya watu kama vumbi. Wakapitisha waya juu ya barabara. Lori refu la kwenda Sudan likapita nao. Wakaufukia chini, mtu akauchimba, na wiki iliyofuata tukaona mbuzi wengi sokoni wamefungwa kwa kamba nzuri nyeusi ambayo hatukuuliza imetoka wapi.

Ndipo ikaja redio. Bandani aliketi Rose, binti wa Kikakwa mwenye sauti ya kengele, anabonyeza jina na uzito kwenye kibao cha herufi. Kisanduku cha redio kinatuma. Stoo kisanduku kingine kinapokea, kinaipa printa, printa inatoa lebo. Printa yenyewe ilikuwa chuma kitupu, nzito kama kinu, na ilitaka jenereta, na jenereta ilikuwa stoo. Mimi nilikaa na hiyo printa. Na aliyenifundisha kukaa nayo ni Mzee Khemis.

Mzee Khemis alikuwa Mnubi wa hapo hapo Koboko. Katika jeshi la zamani alikuwa mtu wa redio, mpaka ile serikali ilipoanguka mwaka sabini na tisa, akakimbilia Sudan na mke wake Mama Halima, wakazungukia Zaire, wakarudi wamechoka. Kampuni ilimpa chumba nyuma ya stoo. Alilala hapo, alilinda hapo, alitengeneza redio hapo. Alikuwa na kiredio kidogo cha kusikilizia. Rose akituma, Mzee anakiweka sikioni, anasikia ule mlio wa redio zetu, kri-kri-kri kama nyenje, kisha ananiambia, "Hii iko mzima," au, "Hii iko na homa, enda angalia betri ya Rose." Hakukosea mara nyingi. Alipokosea alisema nyenje ndiye amekosea.

Mambo aliyonifundisha bado yananilisha. Waya wa antena ukishuka ukutani, usiuingize ndani moja kwa moja. Uache ulegee kidogo chini ya tundu kama tumbo la nyoka aliyeshiba, maji ya mvua yadondokee hapo nje. Vumbi la tumbaku linaingia kwenye kijicho cha printa, kile kinachoona mwisho wa lebo, na printa ikipofuka inachapa katikati ya lebo mbili, pulizia, usikwaruze. Na kichwa cha printa, ile sehemu ya moto inayochoma wino kwenye lebo, kisafishe kwa spiriti, kamwe si kwa maji.

Spiriti yenyewe tungepata wapi Koboko? Mzee akasema, "Leta arege. Ile ya kwanza kutoka, yenye moto." Lakini yeye Mwislamu wa kuswali, hawezi kwenda kwa muuza arege, gongo yetu ya Koboko. Mimi pia Mwislamu! Akasema, "Wewe iko kijana, Mungu iko na subira na vijana." Nikaenda na chupa ndani ya kitenge. Yule mama muuzaji akaniangalia kutoka utosini hadi unyayoni.

"Binti ya Sheikh Musa. Leo wewe?"

"Si yangu, mama. Ya mashine."

"Eeh. Wote nasema ya mashine." Akanijazia, akaongeza kidogo juu. "Mashine yako ikilewa, mpeleke nyumbani polepole."

Kabla jua halijatua, baba yangu alikuwa amesikia. Niliapa kwa kila kitu. Mpaka leo shangazi mmoja haniamini. Ila kichwa cha printa kiling'aa, na lebo zikatoka nyeusi kama kope.

Sasa niwaambie juu ya antena, maana hapo ndipo penye ubaya.

Redio mbili zikizungumza, antena zao zifanane ulalo. Mawimbi yanayotoka kwa antena iliyosimama yanataka kupokewa na antena iliyosimama. Ukilaza moja na kusimamisha nyingine, yanafika, lakini yanafika yamekonda. Ya Rose ilisimama, imefungwa kwenye nguzo ya banda, chini ya paa la nyasi, haionekani barabarani. Ya stoo, Mzee Khemis aliilaza juu ya paa, sambamba na mgongo wa mabati, akaiinua kidogo kwa vipande vya mbao. Mama Halima alianika juu yake kanzu za mumewe. Siku za kufua, redio inapata kikohozi, nasi tunapiga kelele stoo nzima, "Mama Halima anafua leo!"

Msidhani Mzee hakujua. Alijua mambo ya antena kabla mimi sijazaliwa. Aliilaza kwa makusudi, na aliniambia kwa nini, tukiwa tumeketi kwenye marobota, siku moja mvua ilipotufungia ndani. Walipoingia askari wa serikali mpya, jirani yake alikuwa na waya ameufunga kati ya miti miwili, wa kuanikia samaki. Wakamwuliza anaongea na nani. Akasema samaki. Mzee Khemis aliniambia mpaka hapo, akaokota jani la tumbaku akaanza kulinyoosha kwa gumba. Sikuuliza. Watu wa nchi yetu wanajua hadithi inayoishia hapo inaishia wapi.

"Mbele ya watu," akasema baadaye, "waya inayosimama juu ya nyumba ya mutu ya jeshi ya zamani, hiyo hapana waya. Hiyo iko bendera."

Na miaka ile kulikuwa na waasi tena vichakani karibu na mpaka, na kambi ya jeshi juu ya kilima, kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Basi antena ililala, kanzu zikakauka, na sisi tukaishi na kikohozi.

Ikaja kilele cha msimu. Marobota yakapangwa hadi karibu na dari, mengine yamelowa, na kitu kilicholowa kinameza mawimbi kama mchanga unavyomeza maji. Printa ile ilikuwa na tabia moja mbaya: ikikosa habari mpya nawe ukaibonyeza, inarudia lebo ya mwisho. Asubuhi moja redio ilikatika mara tu baada ya jina la Taban, mzee mwenye kishamba nyuma ya nyumba yake, tumbaku yake unaweza kuizunguka ukiwa unapiga mswaki. Washonaji wakabonyeza, wakabandika, wakabonyeza, wakabandika. Tuliposhtuka, tumbaku yote ya asubuhi ilikuwa ya Taban.

Wakulima walicheka kwanza. "Taban! Kumbe wewe nalima usiku?" "Taban, oza mimi binti moja sasa, wewe iko tajiri!" Taban mwenyewe alisimama katikati ya mali yake akitabasamu kama bwana harusi. Kisha mama mmoja akaanza kulia kwamba robota lake halioni, na kicheko kikaisha. Tulifungua mishono yote, tukatambua marobota kwa mafundo, kila mkulima anajua fundo lake, na jua likazama tungali pale.

Bwana Adriko akaja na kitabu cha mafundi waliotuletea redio. Zimechorwa humo antena mbili, zimesimama kama askari wa gwaride.

Huyu Adriko mjueni vizuri. Hakutoka mbali. Mtoto wa Onduparaka, kando ya Arua, alizaliwa hapo, alikimbia na mama yake Zaire mwaka huo huo tuliokimbia sisi. Alizoea kutuhadithia walivyokula viazi vya porini. Angekuwa mgeni ningesema hakujua. Alijua. Hilo ndilo linanichoma hadi leo.

"Mzee, simamisha hiyo kitu."

"Bwana Adriko, lete karatasi ya ruhusa kwanza. Ya serikali, na ya kambi. Nabandika hapa mlangoni, halafu nasimamisha mpaka mbinguni."

"Karatasi iko Kampala. Iko njiani."

"Basi antena nangoja karatasi."

"Meneja ni mimi au wewe?"

"Wewe."

"Kitabu kinasema nini?"

"Kitabu nasema kweli," Mzee akajibu. "Lakini kitabu hapana kaa Koboko."

Adriko akageuka kwangu. "Wewe msichana, panda."

Nikaangalia ngazi. Nikaangalia vidole vyangu. Mzee Khemis akanipita, akashika ngazi, akasema bila kumtazama yeyote, "Mutoto ya watu hapana panda hapa." Akapanda mwenyewe. Alitoa kanzu zake mbili zilizokuwa zinakauka, akanitupia, akasimamisha antena juu ya mabati yale mchana kweupe, barabara nzima inamtazama, lori, baiskeli, wanawake wanaotoka sokoni. Na Adriko alikuwa chini anamwelekeza kwa kitabu: kushoto, kidogo kulia, hapo hapo.

Ikafanya kazi! Hilo nalo linaniudhi. Ingekataa tungeishusha. Rose alipaza sauti kutoka ng'ambo, "Nimetuma kumi!" nami zote nimeshazishika mkononi. Lebo zilitoka kama maji ya bomba. Adriko akapita akipiga mabega ya watu.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, wakaja. Sajini na vijana wake, bunduki mkononi. Walisimama barabarani wakiangalia juu. Kisha sajini akaingia stoo.

"Hii waya iko ya nani?"

Adriko alikuwa amesimama karibu nami, ningeweza kumgusa. Alikuwa ameshika kalamu. Neno moja lilitosha: ya kampuni. Ya kampuni, mimi ndiye meneja, mimi ndiye niliyeamuru. Hata mtoto angelisema.

Akasema, "Uliza huyu mzee. Yeye ndiye mtu wa redio. Alikuwa wa jeshi ile ya zamani."

Kwa Kiswahili safi, kisikike vizuri.

Sajini akamwangalia Mzee Khemis kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa anakitafuta. Akaona kile kisanduku. Akakigeuza, akakitikisa.

"Mdomo yake iko wapi? Ya kuongea?"

"Afande, hii hapana ongea," Mzee akasema. "Hii naandika."

"Redio gani hapana ongea?"

"Nalia tu, afande. Nyingine nasikia, naandika."

Rose ng'ambo, asiyejua lolote, akatuma lebo. Kiredio kidogo mfukoni mwa Mzee kikalia kri-kri-kri. Vijana wakarudi nyuma, bunduki juu. Sajini akatabasamu polepole.

"Siri," akasema. "Hii iko lugha ya siri."

Walimchukua na kisanduku, na antena, na kile kiredio. Mzee aliomba avae viatu, wakakataa. Mama Halima alitoka jikoni na mikono yenye unga, akamfuata mumewe hadi barabarani. Adriko akaingia kwenye gari akasema anakwenda Arua kufuatilia karatasi. Hakurudi siku hiyo, wala iliyofuata. Karatasi yenyewe, tulikuja kujua, hakuwa ameiomba kamwe.

Wale waliopelekwa kilimani kwa kushukiwa uasi, wengine walirudi, wengine hawakurudi. Hatukuwa na muda. Kesho yake Rose alivuka barabara akanikuta nimekaa mbele ya printa nimeshika kanzu ya Mzee.

"Unalia nini? Kulia kutamtoa?"

"Nifanye nini, Rose?"

"Wanasema redio inaongea siri. Si uwaonyeshe inachoongea?"

"Mimi? Niongee na maafande?"

"Mimi siwezi kwenda, mimi ndiye wa kutuma. Printa ikiongea, wewe nyamaza."

Tukafunga printa kwenye baiskeli ya bodaboda mmoja, tukaisukuma mimi na yeye hadi kilimani, Mama Halima nyuma yetu na chakula ambacho jana yake kilikataliwa getini. Tulikuwa tumekubaliana na Rose: adhana ya adhuhuri ikiisha, aanze kutuma, asiache.

Getini ulimi wangu ulifanya ulivyozoea. Nilisimama. Mlinzi akauliza, "Nini?" mara ya pili, mara ya tatu. Mama Halima akanisukuma mgongoni kwa ngumi, si kwa upole. Nikasema, "Nimeleta mdomo wa ile redio."

Hicho ndicho kilichotuingiza. Afande mkubwa, mtu mfupi mwenye miwani ya kusomea, alitoka nje mwenyewe kuuona huo mdomo. Jenereta yao ilikuwa inanguruma. Nikaomba umeme, nikaomba kisanduku, nikaomba antena. Hakukuwa na mlingoti karibu. Nikasema antena lazima ishikwe na mtu anayejua.

Wakamleta. Sitaeleza alivyokuwa. Nitasema tu kwamba nilipomwita alinigeuzia sikio la kulia, na toka siku ile hakulitumia tena la kushoto. Alishika antena kwa mikono miwili, akaisimamisha juu ya kichwa chake, peku kwenye changarawe, na alisimama wima kuliko wote waliokuwa pale.

Adhana ikasikika kutoka mjini. Ikaisha. Printa haikutoa kitu. Askari mmoja akacheka. Nikaona utepe wa wino umelegea kwa mtikisiko wa njia, nikaukaza, nikafunga kifuniko. Kri-kri-kri. Printa ikanguruma, ikatema lebo.

Afande akaichana, akainua miwani. Akasoma kwa sauti: "Taban. Majani. Daraja la tatu." Akangoja nyingine. "Taban. Majani. Daraja la tatu." Rose kwa woga alikuwa anatuma jina lile lile. Ya tatu, ya nne.

"Huyu Taban ni nani? Iko komanda?"

"Ni mzee, afande," nikasema. "Ana tumbaku kidogo nyuma ya nyumba."

Wa kwanza kucheka alikuwa yule mlinzi wa getini; alimjua Taban. Afande hakucheka. Alimgeukia Mzee Khemis, akauliza, "Nani alikuambia simamisha hii?"

Mzee akasema, "Kazi, afande." Hakumtaja Adriko. Sikumwelewa wakati ule, na kwa kweli sijamwelewa sana hata sasa.

Alirudi nyumbani jioni ile, na vifaa vyetu tukarudishiwa. Adriko akarudi kutoka Arua keshokutwa yake, shati limepigwa pasi, akatuambia amehangaika sana kwa wakubwa mpaka mzee akaachiwa. Rose akatema mate chini. Mimi nikanyamaza. Sikuwa na mdomo, si ndivyo alivyosema?

Lakini nilianza kuona. Mzee Khemis aliendelea kuja kazini kila siku. Sokoni wachuuzi waliopenda utani wake walianza kumhudumia haraka haraka aende zake. Msikitini nafasi pande zake mbili ilibaki wazi. Watoto walimwita mzee wa waasi. Printa ilikuwa imewaonyesha wanajeshi, ndiyo. Nani alikuwa amewaonyesha watu wa Koboko? Walichokiona wao ni Mzee akipanda paa, na Mzee akichukuliwa. Hawakumwona aliyeshika kitabu. Nilimwambia, "Mzee, pumzika nyumbani, nitafanya mimi." Akasema, "Nikikaa nyumba, watu nasema nini?"

Siku kubwa ya kununua ikafika, wakulima wamejaa hadi barabarani, marobota kila mahali, wafanyabiashara wa Sudan wamesimama pembeni wakitazama. Karatasi zilikuwa zimekuja wakati huo, za serikali na za kambi, tumezibandika mlangoni. Adriko alikuwa anapita akielekeza. Mimi nikazima redio.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Lebo ziko wapi?" akafoka.

"Hakuna lebo."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Nimezima." Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine, aliye nyuma yangu. "Waambie watu nani alisema antena isimame. Halafu nitawasha."

Akaja karibu, akashusha sauti. Alisema nitafukuzwa. Kisha akasema nitapandishwa cheo. Wakulima nyuma wakaanza kusukumana, "Nini? Nini? Mashine imekufa?" Rose akavuka barabara mbio, akapanda juu ya mizani ndogo ya stoo, akawatangazia kwa ile sauti yake ya kengele: "Meneja iko na maneno ya kusema!"

Adriko akajifuta paji la uso. Akasema, kwa Kiingereza, maneno marefu mazuri kuhusu uamuzi wa uongozi na hali ilivyokuwa. Wakulima wakatazamana.

Kutoka kwenye marobota, yule mama aliyelia siku ya lebo za Taban akasimama.

"Baba, sema Kiswahili. Wakati ulimpa mzee kwa askari, ulisema Kiswahili."

Sijui nani alimwambia. Huenda mji mzima ulikuwa unajua, unangoja tu neno lisemwe.

Akasema. "Ni mimi niliamuru." Chini chini. Watu wakapiga kelele kwamba hawasikii. Akasema tena, kwa nguvu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemeza mfupa: "Antena ilikuwa ya kampuni. Mzee alikataa. Mimi niliamuru."

Mzee Khemis alikuwa ameketi kando ya printa, sikio la kulia limeelekea mlangoni. Aliposikia mara ya pili, aliinuka. Akachukua kanzu yake msumarini, akaikunja. Akavaa viatu taratibu, kimoja, kingine, watu wote wanamtazama. Taban akampisha njia, akamshika mkono kwa mikono miwili. Wa pili akamshika, wa tatu. Akatoka nje, akazunguka stoo hadi chumbani kwake, akamwambia Mama Halima wafunge vitu.

Hakurudi kazini tena. Nilidhani miezi ile alikuwa anakuja kwa sababu ya kazi; kumbe alikuwa anangoja neno lile.